Nani Aliigusa Mara ya Mwisho

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza. Shangazi anasema mtu akikasirika asishike kalamu, asubiri. Mimi nimekwisha kusubiri muhula mzima, na kusubiri ndiko kulikoniponza.

Ninayemwandika ni jirani yetu, fundi wa mashine za kupigia chapa. Hapa Isevya, mtaa wetu wa Tabora, tunamwita Fundi tu, kana kwamba wale wengine wote wa baiskeli, wa cherehani na wa majiko ni wanafunzi wake. Jina lake nalijua. Silitaji, kwa sababu nikiliandika nitamwonea haya hata humu ndani ya daftari langu, na leo nimechoka kuona haya.

Kila aliyewahi kumpelekea mashine analijua swali lake. Unafika barazani kwake na mashine kwenye kibebeo cha baiskeli, jasho linakutiririka, unasema shikamoo Fundi. Anaitika marahaba huku akiiangalia mashine, si wewe. Kisha anauliza, "Nani aliigusa mara ya mwisho?"

Ukisema sijui, anakurudisha ukamtafute anayejua. Nimemwona kwa macho yangu karani wa chama cha ushirika, mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni, akirudishwa ofisini kwa miguu kwenye jua la saa saba. Alirejea na msichana wa masjala, ambaye macho yake yalikuwa chini.

"Niliisogeza kidogo tu," msichana akasema. "Nilitaka karatasi ikae katikati."

Fundi akavuta kijiti kimoja cha pembeni, kile cha kuwekea ukingo wa karatasi, kidogo kama jino la kitana, na mashine iliyoletwa kwa sababu imekufa ikaanza kutembea.

"Unaona, ndugu yangu?" akamwambia karani. "Ulitaka niipasue tumbo, kumbe nyinyi wenyewe ndio mmeifungia mlango."

"Basi Fundi, yamekwisha."

"Hayajakwisha. Kesho mtaifunga tena."

Mpango wake haukubadilika: mtu, uchafu, utepe, chuma. Kwanza anamkagua mtu. Akimaliza mtu, anatafuta uchafu. Akikosa uchafu, anatazama utepe wa wino kama umekauka au umegeuka. Chuma chenyewe anakifikia mwisho kabisa, tena kwa shingo upande. Mashine nyingi hazikufika kwenye chuma. Nyingine hazikufika hata kwenye uchafu. Alikuwa na dawa moja aliyoipenda: "Ifunike. Nenda kanywe chai. Rudi uifunue, weka karatasi mpya, anza upya." Watu walicheka, wakaenda, wakanywa chai, wakarudi, na mashine ikaenda. Hata leo sijui ni nini kilichopona pale, mashine au mikono ya karani.

Padri mmoja wa seminari ya Kipalapala alimletea mashine inayokwama kila baada ya mstari. Fundi, mtu wa swala tano asiyekosa msikiti, aliipokea kwa adabu zote, akaitandikia gazeti, akaipindua. Makombo ya karanga yakamwagika kama mvua.

"Baba," akasema, "hii mashine inakula kuliko wewe."

Padri alicheka mpaka akashika ukuta. Siku ile nilimpenda sana Fundi. Naliandika hilo pia, maana ni kweli.

Kulikuwa na msemo aliokuwa akiutoa kila alipomkamata mtu na kosa lake: "Mzigo hauanguki. Anaanguka mpagazi." Hapa kwetu msemo kama huo unaingia vizuri, kwa kuwa kila nyumba ina babu aliyewahi kubeba pembe za ndovu kwenda pwani. Wazee wakiusikia hutikisa vichwa na kusema, ee, kweli. Mimi nilikuwa natikisa pia. Siku hizi nauwaza tofauti. Sidhani kama msemo huo ulitoka kwa mpagazi. Nadhani ulitoka kwa mwenye mzigo, aliyekuwa akitembea nyuma mikono mitupu.

Tena haukumhusu yeye mwenyewe. Redio yake ilipokoroma wakati wa taarifa ya habari, hakuuliza nani aliigusa mara ya mwisho. Alivua kandambili akaitandika. Ikinyamaza anaitandika tena, ikisema anavaa kandambili yake na kuketi kama mtu aliyefanya kazi ya maana. Siku moja Shangazi alimwuliza kwa juu ya ukuta, "Fundi, hiyo redio kosa lake nini?"

"Ukaidi," akajibu.

Mashine za chapa lakini alizibembeleza. Akilegeza parafujo iliyoshika kutu alikuwa anainong'oneza mashine, "Pole bibi, pole, karibu tunamaliza." Mtu aliyemfokea karani mpaka chozi likamlenga ndiye huyo huyo aliyeipa pole mashine ya karani. Hakuwa na moyo mgumu. Ulaini wake aliuelekeza tu kwenye chuma.

Ufundi alifundishwa na Mzungu wa reli, zamani, kabla ya uhuru, na alichofundishwa alikihifadhi kama alivyohifadhi koti lake la reli, ambalo viwiko vyake vimetiwa viraka na vifungo vyake vyote vipo. Katika hayo aliyofundishwa kulikuwa na sentensi ya majaribio. Mashine ikishapona, Fundi anavuta karatasi, anapiga sentensi moja ya Kiingereza inayosimulia mbweha anayemruka mbwa mvivu. Inasemekana ina herufi zote za abjadi, hakuna iliyosahauliwa. Ikitoka safi, mashine ni nzima. Ameipiga sentensi hiyo maelfu ya mara na sidhani kama amewahi kumwona mbweha huyo akilini.

Karatasi za majaribio alitugawia sisi watoto wa jirani. Shangazi alizifungia karanga za kuuza, nami nilizifungua nikajifunzia kusoma. Nilipokuwa darasa la pili nilikuwa na mchezo wa kutafuta jina langu katika mistari yake: unachukua herufi moja hapa, nyingine pale, unazizungushia risasi ya penseli. Jina langu ni Asha Kasanda. Jina hilo linataka a tano. Sentensi ya Fundi ilikuwa na a moja tu, pale karibu na mwisho, kwenye uvivu wa mbwa.

Nikaenda barazani kwake na karatasi yangu. Enzi hizo sikuwa na haya hivi.

"Fundi, a hazitoshi."

"Hazitoshi kwa nini?"

"Kwa jina langu. Ipo moja tu."

Akaichukua karatasi, akaitazama, akacheka. "Wazungu wana a chache, mama. Matumizi yao madogo." Akanipigia jina langu zima kwenye karatasi nyingine, kwa wino mwekundu, na akaniruhusu nigonge kengele. Karatasi ile ninayo mpaka leo, imo humu katikati ya daftari. Niliitoa jana nikataka kuichana, nikashindwa.

Sasa nije kwenye lililoniudhi.

Nipo kidato cha nne, mchepuo wa biashara. Darasa letu la chapa lina mashine kumi na mbili na mimi napiga namba nne. Mimi si mtu wa kunyoosha mkono. Nikiulizwa swali sauti inakwenda tumboni. Lakini nikikaa mbele ya mashine vidole vinaongea vyenyewe, na mwaka jana nilikuwa wa pili katika darasa. Ninachotaka nakijua tangu zamani: nataka kuajiriwa mpiga chapa katika ofisi za reli hapa hapa Tabora, nikae karibu na Shangazi aliyenilea. Nikikosa cheti cha chapa narudi Igalula kwa kaka yangu. Sisemi Igalula ni kubaya. Nasema kule kuna shemeji yangu, na shemeji yangu ameshanichagulia jembe.

Muhula huu tulipofungua shule, namba nne ilikuwa na ugonjwa. Herufi a ilitoka nusu, upande wa juu tu, kama mwezi mwandamo, tena imeruka juu ya mstari, na mara nyingine haikutoka kabisa. Nyingine zote safi. Nikipiga jina langu inatoka sh, nafasi, K, nafasi, s, nafasi, nd, nafasi. Nilijikuta sina jina.

Nikamwambia Mwalimu wa Chapa, mama mmoja mkali mwenye rula ndefu. Niliandika kwenye kikaratasi nikamwekea mezani, kwa sababu kusema nilishindwa. Hakunikatalia. Akamwita Fundi.

Fundi akaja na sanduku lake la mbao. Nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu ni wetu. Akainama juu ya namba nne, akauliza mbele ya darasa lote, "Nani anaigusa hii?"

Nikasimama.

"Lete mkono."

Nikautoa wa kulia. Akasema, "Wa kushoto." Akakishika kidole changu cha mwisho, kile kidogo, ambacho ndicho kinachopiga a, akakipinda huku na huku kama anayekagua kuku sokoni.

"Mwalimu," akasema, "hiki ni kidole cha kuokotea kokoto za bao. Hakina nguvu. A inataka pigo." Kisha akaketi, akapiga sentensi yake ya mbweha mara moja kwa vidole vyake viwili vya chuma, akaichomoa karatasi akaipepea, bila kuikagua ile a yake moja. "Mashine nzima hii. Mzigo hauanguki."

Darasa likamalizia kwa sauti moja, "Anaanguka mpagazi." Wakacheka. Tatu, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, naye alicheka. Alinieleza baadaye kwamba hakutaka, kilimtoka tu.

Mwalimu alifungua daftari la mashine, Fundi akaandika kwa mwandiko wake mzuri: namba nne nzima, mwanafunzi ana kidole dhaifu. Akatia sahihi. Nilikuwa nimesimama karibu, na kwa kuwa sikuweza kumtazama mtu usoni, nilitazama ukurasa. Mstari wa juu yake ulikuwa pia mwandiko wake, wa wakati wa likizo: namba nne, herufi moja imelehemewa, imejaribiwa, nzima. Niliusoma. Sikujua umuhimu wake. Nilikuwa na kazi ya kuzuia machozi.

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Kidole. Mwalimu akaniamuru nifanye mazoezi, kwenye namba nne ile ile, maana daftari lilisema ni nzima. Kila jioni nilifunga kufuli la sanduku langu kwenye kidole kwa uzi, nikawa nalinyanyua na kulishusha, nalinyanyua na kulishusha, mpaka kidole kikavimba. Shangazi akanikuta.

"Unafanya nini, Asha?"

"Mazoezi ya shule."

"Shule ya nani hiyo, ya wapakiaji wa behewa?"

Sikumweleza. Ningemweleza angepanda juu ya kinu akamtukana Fundi kupitia ukutani, na mtaa mzima ungejua habari za kidole changu.

Kitu kimoja kilinisumbua. Kidole kilipata nguvu kweli, ila nilivyozidi kukaza pigo, a ilizidi kufifia. Mazoezi ya darasani yalikuwa kurasa za Kiswahili: wananchi wa kata wamekaa, kamati ya kijiji imepanga mashamba, maana kazi zote za ofisi sasa ni Kiswahili na sisi ndio tunaandaliwa kuzifanya. Ukurasa kama huo unakula a kama nzige. Mwalimu alihesabu kila a iliyofifia kuwa kosa. Mtihani wa majaribio ulipokuja nilipiga ukurasa mzima bila kukosea neno, nikapewa alama ya mwisho darasani.

Alhamisi Mwalimu akasoma majina ya wanaoondolewa kwenye mtihani wa taifa wa chapa. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mgonjwa tangu Pasaka. Wa pili mimi. Alisema orodha ya watahiniwa inaondoka Jumatatu kwenda Dar es Salaam na ikishaondoka haina dawa, na kwamba kama fundi mwenyewe aliyekagua atabadilisha neno lake kwa maandishi, yeye yuko tayari kusikiliza. Naamini alisema hivyo kwa kunihurumia. Lakini kwa nini neno la mwenye bisibisi ndilo neno, na ukurasa wangu, uliokuwa mbele ya macho yake, si neno?

Ijumaa mchana nikaenda barazani kwa Fundi. Alikuwa msikitini. Mlango haufungi, nani ataiba mashine iliyovunjika? Nikasimama nimngoje, na kwa vile nikisimama peke yangu mahali pa mtu sijui mikono niiweke wapi, nikagonga kopo kwa kiwiko. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga ambalo tangu utoto wangu lilikaa kwenye rafu. Ndani mlikuwa na herufi zilizokufa, vile vipande vidogo vya chuma vilivyokatika kwenye mikono ya mashine. Hakutupa hata kimoja, miaka yote.

Vikatawanyika sakafuni. Nikapiga magoti nikaanza kuviokota upesi upesi. Herufi ya chuma inakaa kinyume, unaisoma kama kwenye kioo. Nikaokota a. Nikaokota a nyingine. Nikaokota k, nikaokota a, a, i, a. Mkono ukapunguza haraka. Nikaanza kuzipanga kwenye vigae vya sakafu, a upande huu, nyingine zote upande ule. Upande wa a ulikuwa rundo. Upande ule mwingine ulijaa kiganja kimoja.

Zilitoka kwenye mashine za ushirika, za mahakama, za padri, za reli. Sote tunaandika Kiswahili siku nzima kwenye mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wenye a chache. Zinachoka pale pale, zinakatika pale pale, naye anazilehemu, anazijaribu kwa mbweha mwenye a moja, anasema nzima. Kisha a ikilegea anamkagua mtu kidole. Miaka yote hiyo ushahidi ulikuwa juu ya rafu yake, ndani ya kopo, na alikuwa akiutikisa kila alipotafuta parafujo.

"Nani amegusa kopo langu?"

Alikuwa mlangoni, kofia ya swala kichwani.

"Mimi. Shikamoo Fundi."

Hakuitika.

"Fundi," nikasema, na sauti ikaanza kushuka tumboni nikaivuta, "nyingi ni a."

Akatazama sakafu. Nikafikiri, ameona. Nina hakika ameona.

"A ndiyo herufi ya wavivu," akasema. "Inapigwa na kidole kidogo. Rudisha vitu vyangu."

"Fundi, orodha inaondoka Jumatatu. Njoo uitazame namba nne tena. Mara moja tu."

"Nimekwisha sema, nimekwisha andika. Kesho nakwenda Kaliua kwenye mashine za stesheni. Rudisha vitu vyangu, uende nyumbani."

Nikavirudisha vyote. Ndicho kinachoniuma zaidi ya vyote. Nilivirudisha kimoja kimoja, kwa adabu, nikasema asante. Asante ya nini? Nimelala na kuamka na swali hilo tangu siku ile.

Nyumbani nilimweleza Shangazi. Hakupanda juu ya kinu. Alinisikiliza, akakunja khanga yake, akasema, "Treni ya Kaliua ya asubuhi unaijua. Mimi siwezi kwenda, sijui kusoma hizo a zenu. Wewe unajua."

"Nitasema nini?"

"Muulize lile swali lake mwenyewe."

Basi Jumamosi nikapanda. Njia nzima nilishika bahasha yenye ukurasa wangu wa mtihani, ule uliojaa mianya. Kaliua ni mahali pa kubadilisha treni, watu wa Mpanda wanashuka na mizigo yao ya asali na tumbaku, kila mtu anamuuliza mwenzake kama behewa lake limefika. Hakuna aliyeniona. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kuwa mtu asiyeonekana.

Nikamkuta katika ofisi ya stesheni. Mashine ipo mezani imefunuliwa, na karani kijana wa stesheni amesimama kando kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nani aliigusa mara ya mwisho?" Fundi alikuwa anamwuliza.

"Mimi, Ndugu Fundi. Lakini sikufanya kitu. Inaruka tu herufi."

"Hairuki yenyewe. Lete mkono."

Nilikuwa mlangoni. Nilimwona yule kijana ananyoosha mkono wa kushoto, na Fundi anakishika kidole chake kidogo. Hapo haya yakanitoka yote. Sijui yalikwenda wapi na sijayatafuta.

"Fundi," nikasema. "Namba nne nani aliigusa mara ya mwisho?"

Akageuka. "Umefikaje huku?"

"Namba nne ya shule. Kabla shule haijafunguliwa. Kabla yangu. Nani aliigusa?"

"Binti, nipo kazini."

"Nami nipo kazini." Nikatoa ukurasa nikauweka juu ya mashine, mbele yake. "Daftari la mashine lina mistari miwili. Wa chini unasema kidole changu. Wa juu unasema herufi moja imelehemewa. Nani aliilehemu?"

Karani akatazama dirisha. Fundi aliuchukua ukurasa wangu, akausogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akausoma kutoka juu mpaka chini. Alipofika chini akarudi juu. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nadhani alikuwa anazitia zile a mahali pake, moja moja, ili maneno yasikike.

"Nikiwa darasa la pili nilikwambia hazitoshi," nikasema.

Nje treni ya Mpanda ilipiga honi. Akaulaza ukurasa wangu juu ya mashine, akaunyanyua tena.

"Mimi," akasema.

Nilidhani ataongeza kitu. Neno kama kumbe, au samahani, au lile la mpagazi. Aliuachia mkono wa karani, ambao alikuwa bado ameushika, akaketi, akavuta karatasi.

Jumatatu asubuhi niliiweka barua mezani kwa Mwalimu wa Chapa. Aliisoma akiwa amesimama. Akafuta, akaandika, jina langu likarudi kwenye orodha, na Tatu akanibadilishia mashine bila kuombwa. Mwalimu hakusema lolote juu ya zile wiki za kufuli na kidole. Nitafanya mtihani. Pengine nitafaulu. Hasira haikuondoka na orodha, iko hapa, nami nimeamua kuishi nayo kama watu wanavyoishi na mpangaji.

Ila nataka kuandika jinsi barua ile ilivyopigwa, kwa sababu mtu mwingine hataiandika.

Aliipiga pale pale, kwenye mashine ya stesheni. Sentensi ya mbweha hakuipiga. Alianza moja kwa moja kwa Kiswahili: Kwa Mwalimu wa Chapa, nakiri kwamba kasoro ya mashine namba nne ni kazi ya mkono wangu, wala mwanafunzi hana kosa. Mistari minne, sahihi chini. Akaichomoa karatasi, akataka kunipa, kisha mkono ukasimama hewani.

Hakukuwa na a nzima hata moja. Katika mistari yote minne zilikuwepo nusu nusu, zimepeperuka juu ya mstari, na nyingine hazikuwepo kabisa. Pale alipoandika nakiri ilisomeka n, nafasi, kiri. Mashine ya Kaliua nayo aliilehemu yeye mwaka jana. Karani alilisema hilo kwa sauti ndogo, akitazama bado dirishani.

Fundi akaiweka karatasi mezani. Akapapasa mfuko wa koti la reli, akatoa kalamu, akaninyooshea.

"Una macho mazuri," akasema. "Nijazie."

Mwaka jana ningeipokea. Wiki iliyopita ningeipokea na kusema asante. Nilikunja mikono, kidole changu kidogo kikiwa bado kimevimba, nikasimama pale.

Alingoja kidogo. Kisha akavuta kiti karibu na mwanga, akavaa miwani, akainama juu ya barua yake, akaanza kuzijaza mwenyewe, a moja baada ya nyingine. Nilisimama mpaka akamaliza ya mwisho.